Ritifaa ya Ng'ombe

Tak-tak-tak-tak-tak. Kimya kidogo. Halafu tena, tak-tak-tak-tak-tak.

Wadogo zangu, hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo nikifumba macho. Na saiba ya Mwingi, duka la intaneti nilikofanya kazi, ilikuwa na sauti nyingi: malori ya Garissa yakipiga breki mbele ya mlango, mbuzi wakilalamika wakipelekwa mnadani, adhana kutoka msikiti wa nyuma, printa ikitafuna karatasi. Zote zimechanganyika kichwani kama mahindi na maharage ya githeri. Hii moja imekaa peke yake. Ni kidole gumba cha mama mmoja kikibonyeza kitufe cha simu mara tano, kinapumzika, kinabonyeza tena mara tano. Nilidhani hajui anachofanya. Kumbe asiyejua alikuwa mimi.

Mnacheka nikisema nimestaafu. Chekeni. Bado nina meno yangu yote, na wiki jana mtu aliniita "msichana" hapa Kikima nikafurahi mpaka nikamwongezea parachichi. Lakini kazi ya kutengeneza kurasa za wavuti ina umri wake. Miaka kumi na miwili ni maisha ya brauza nyingi sana. Nimezizika nikiwa na macho makavu. Sasa nimewaachia nyinyi viti, nami nina miche yangu hapa milimani na ndoto nyingine za kushughulikia. Kabla hamjajiona mafundi, kaeni hapa niwaambie habari ya alama moja ndogo kuliko chawa, iliyotaka kuniulia ng'ombe wa watu.

Kwanza mjue nilivyoingia. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo sitaitaja mbele ya watoto. Mwenye saiba, Mzee Salim, alinichukua nifagie na kutoa nakala. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, babu yake akaja Mwingi na duka la nguo, wakabaki. Kikamba alikiongea kama sisi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi nikisema "browser", yeye anasema "kivinjari". Nikisema "hii kitu imekwama", ananijibu, "Kitu hiki, binti yangu. Na hakijakwama, wewe ndiye umekikwamisha."

Nilijifunza kwa kuiba kwa macho. Nafungua ukurasa wa mtu, naangalia ulivyoshonwa ndani, nakopi, nabadilisha rangi, naona ni yangu. Mwenzangu Kyalo alikuwa amesoma kozi ya miezi sita mjini Kitui, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa "injinia". Kyalo alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na ugonjwa ambao naona hata nyinyi mnao. Mteja akilalamika, Kyalo anageuza kompyuta yake, anafungua ukurasa na kusema: "Angalia. Kwangu inafanya."

Kwangu inafanya! Ningekuwa na uwezo ningeyafungia maneno hayo ndani ya kopo na kulitupa kisimani.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Chama kimoja cha wafugaji kilikuwa kimetupa kazi: ukurasa wa kuandikisha mifugo ya chanjo. Mfugaji anafungua kwenye simu, anaandika jina, kijiji, aina ya mnyama na idadi. Hapohapo ukurasa unamwonyesha tena alichoandika na kumletea kitufe cha THIBITISHA. Akibonyeza, jina linaingia kwenye orodha ya daktari wa mifugo bila ukurasa kupakia upya. Niliutengeneza mimi kwa mikono yangu. Niliuona mzuri hata nikautazama wakati wa kula. Nikaandika pia bango kwa kalamu nene, nikalibandika mlangoni: SAJILI NGOMBE NA MBUZI HAPA.

Kulikuwa na haraka ya kweli. Ugonjwa wa mapele ulikuwa umeingia kwa ng'ombe wa ng'ambo ya mto, upande wa Migwani, na wawili walikuwa wamekufa tayari. Daktari Mutua angepita Alhamisi. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo, kwa hiyo alisema wazi kwamba hataenda kijiji kisicho na ng'ombe kumi kwenye orodha. Orodha ingefungwa Jumatano saa kumi jioni.

Basi mama akaingia, kitambaa kichwani, vumbi mpaka magotini, simu ya vibonye mkononi. Mama Syombua. Alikuwa ametembea kutoka kijijini kwake, upande huohuo wa Migwani, mpaka barabarani, akapata lifti ya lori la mahindi. Akasimama kwenye kaunta, akaanza: tak-tak-tak-tak-tak.

"Mwaitu, karibu," nikamwambia. Mwaitu kwa Kikamba ni "mama yangu", ndivyo tunavyowaita wote wa umri ule.

"Mwanangu, hii kitu haitaki ng'ombe yangu."

"Haitaki vipi?"

"Mbuzi ya jirani imeingia. Ya kwangu nabonyeza, imenyamaza. Nimebonyeza tangu Ijumaa." Akaniwekea simu mbele ya macho. "Anaitwa Sunday. Ako na mimba ya miezi saba. Hii kitu inamkataa kwa nini?"

Kyalo akachungulia kutoka kiti chake. "Hiyo si simu, mama, hiyo ni jiwe lenye namba."

"Hili jiwe limeongea na watoto wangu wote watano Nairobi," akajibu, hata hakumtazama. "Wewe umepigia mama yako lini?"

Kyalo akarudi kwenye skrini yake.

Nami, kwa huruma yangu ya haraka, nikafanya kosa la pili. (La kwanza lilikuwa ndani ya ukurasa, tutalifikia.) Nikasema, "Pole, Mwaitu, simu yako ni ya zamani. Lete nikuandikie." Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika jina lake, kijiji chake, *ngombe*, mmoja. THIBITISHA. Ikaingia kwa upole. Nikamwonyesha. Akashukuru, lakini uso haukufunguka.

"Na wenzangu?"

"Wenzako wajaribu tu. Kama simu ni mpya itakubali."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekupa maji ya moto ukiwa na kiu. Akaondoka.

Mnaona nilivyomtendea? Nilimfanya aamini kwamba ubovu uko mkononi mwake. Hii kazi yetu, watoto, ina njia nyingi za kuwaaibisha watu wasio na hatia. Mtu ametoka mbali na simu yake ya pekee, wewe umekaa kwenye kiti chenye magurudumu, unamwambia kifaa chake ndicho kibaya. Anaenda.

Jumatano saa nne asubuhi akarudi. Safari hii hakungoja kukaribishwa.

"Daktari amepigia chifu. Ati kwetu haji. Ati kijiji chetu kina ng'ombe mmoja tu kwenye orodha." Akainua kidole kimoja. "Mmoja. Sunday. Tuko na ng'ombe zaidi ya thelathini, mwanangu. Sasa watu wanasema mimi nilikuja huku nikajiandikisha peke yangu kwa siri."

Nikampigia Daktari Mutua. Alikuwa mwema, lakini alikuwa mtu wa haraka. "Mwende, hiyo fomu haina shida. Mimi mwenyewe nimeandika ng'ombe wangu jana kwa simu yangu, wakaingia. Hao watu hawataki chanjo, wanaogopa sindano."

"Kwake inafanya," akasema Kyalo, na kwa mara ya kwanza nilitaka kumrushia kibodi.

Vijiji vingine vilikuwa na ng'ombe wengi tu kwenye orodha. Nikapitia majina. Hapo ndipo kitu kikaniuma, lakini sikukishika: karibu kila mahali pameandikwa *ngombe, ngombe, ngombe*. Nami niliandika hivyohivyo siku zote. Sikuona kilichokosekana, kwa sababu hata machoni mwangu hakikuwepo.

Mzee Salim alikuwa akinywa chai ya tangawizi. Akasema, "Binti yangu, umeshamuuliza mama anafanyaje, au umeuliza kompyuta?"

Haya sasa, kama mtasahau kila kitu, hili liandikeni ukutani: usimuulize mtu kwa nini haifanyi. Mpe kiti, mpe chai, kaa kando yake, mwambie afanye kama anavyofanya nyumbani, halafu wewe ufunge mdomo na uangalie vidole.

Nikavuta kiti. Mama Syombua akafungua ukurasa kwa subira yote ya Ukambani. Akaandika jina. Akaandika kijiji. Akaja kwenye mnyama. Akaandika *n*. Akaandika *g*. Halafu kidole gumba kikahamia kwenye kitufe cha moja: tak-tak-tak-tak-tak.

"Mwaitu, hapo unatafuta nini?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuja bila kalamu.

"Natafuta ritifaa."

"Nini?"

"Ritifaa! Kile kialama cha juu. Hujaenda shule wewe? Bila ritifaa hiyo si ng'ombe, hiyo ni ngombe." Na akalitamka la pili vibaya makusudi, zito, kama mtu aliyemeza kiazi kizima. "Sisi wamama wa gumbaru, lile darasa la watu wazima, mwalimu wetu alikuwa anatuambia, mkisahau ritifaa mmeua mnyama. Sisi wote tumesoma kwake. Hatusahau."

Mzee Salim aliweka kikombe chini, akacheka mpaka kofia ikasogea. "Alhamdulillahi! Mtu mmoja Mwingi nzima!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona.

Nitawaeleza polepole. Kitufe changu cha THIBITISHA nilikuwa nakishona palepale kutokana na neno aliloandika mtu. Nachukua neno, nalizungushia alama mbili ndogo, moja mwanzoni na moja mwishoni, ili skripti, yale maagizo yanayoendesha ukurasa, ijue neno linaanzia hapa na kuishia pale. Na alama hiyo ni ipi? Ni ileile ritifaa. Ukiandika mbuzi, skripti inafungua mlango, inasoma mbuzi, inafunga mlango. Safi. Ukiandika ng'ombe, inafungua, inasoma *ng*, inaona alama, inadhani neno limeisha, inafunga. *Ombe* anabaki nje ya boma akilia. Skripti inachanganyikiwa, inazimia, na kitufe kinakufa kimya bila hata kusema pole.

Kwa hiyo aliyeandika vibaya alipita. Aliyeandika sawasawa alifungiwa nje. Kijiji kizima cha akina mama waliojifunza kusoma ukubwani, wakiwa na watoto mgongoni, kilikuwa kinaadhibiwa kwa kujua Kiswahili.

Na Daktari je? Simu yake ilikuwa ya bei ya fahari, ya zile zinazojifanya zinajua kuandika kuliko wewe. Ukiweka ritifaa, simu yenyewe inaipinda, inakuwa kama kijimkia. Kwa macho yetu ni alama moja. Kwa skripti, hiyo ni nyingine kabisa, haifungi mlango wowote. Akapita. Neno moja, simu mbili, majibu mawili.

Na mimi nilipojaribu ukurasa wangu wiki nzima, nilijaribu na mnyama gani? Mbuzi! Kwetu tulifuga mbuzi. Sikuwahi hata mara moja kuandika ng'ombe.

Ilikuwa saa tano na nusu. Kyalo, namshukuru, alisimama. "Rahisi. Tuwaambie waandike bila hiyo kitu. Piga simu kwa chifu, atangaze."

Ilikuwa njia fupi kweli, nami nilishaushika mkono wa simu. Lakini nikamwona Mama Syombua. Alikuwa anafuta skrini ya simu yake kwa pindo la leso.

"Basi tutaandika vibaya," akasema taratibu. "Kama ndiyo inataka."

Hapana, nikasema. Nilisema kwa sauti mpaka mteja wa mashine ya tatu akageuka. Hapana, Mwaitu. Hutaandika vibaya kwa sababu yangu. Nipe mpaka saa tisa.

"Na ukishindwa?" Kyalo akauliza.

"Nikishindwa nitaenda kijijini mwenyewe na daftari, nyumba kwa nyumba, na wewe utanibebea."

"Mimi?"

"Si wewe ni injinia?"

Sasa nataka mjue nilichofanya, kwa sababu mpaka leo ndiyo kazi yenyewe. Niling'oa ujanja wote. Nilikuwa nimekidharau kitu kimoja cha zamani kuliko sisi sote: fomu ya kawaida, yenye visanduku vya kawaida na kitufe cha kawaida cha kutuma. Kitu hicho kinajulikana na kila brauza iliyowahi kuzaliwa, hata zile ambazo skripti zangu za kisasa zinazitia kizunguzungu. Nikairudisha fomu hiyo chini kama msingi. Skripti nikaiweka juu yake kama nakshi: ikifanya kazi, vizuri, mtu anaona neno lake hapohapo, ikizimia, fomu inaenda tu. Na neno la mtu sikulishona tena ndani ya skripti. Nililiweka pembeni kama neno, lisomwe kama lilivyo, na ritifaa zake zote.

Mzee Salim alikuwa na mfano wa jambo hili, nami nauiba kama nilivyoiba mengine. Viwango vya wavuti, alisema, ni kama gorogoro ya sokoni, lile kopo la kupimia nafaka. Mwingi, Migwani, Kikima, mahindi yanapimwa kwa gorogoro na hakuna anayeuliza maswali. Lakini kuna wachuuzi wamebonyeza kitako cha gorogoro kwa ndani. Kwa nje ni ileile. Brauza nazo ziko hivyo: zote zinaapa zinafuata kipimo, na kila moja ina kabonyeo kake. Fundi hajui tu gorogoro ni nini. Fundi anatia mkono ndani na kupapasa kitako.

Kupapasa kwetu kulianzia kwenye sanduku. Chini ya kaunta tulikuwa na sanduku la simu za watu walioziacha zitengenezwe, wasirudi. Mzee Salim aliliita baraza la wazee. Saa nane na robo nililimwaga mezani: simu saba, moja haina kifuniko, moja inafungwa kwa raba. Kyalo akatafuta chaja. Tukakaa watatu, mimi, Kyalo na Mama Syombua, kila mtu na simu zake, tukiandika ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Mama alitushinda kwa mbali. Kidole chake kilikuwa kimezoea.

"Hii imekubali!"

"Hii pia."

"Hii ya raba imekataa nakshi lakini fomu imeenda."

"Ng'ombe wangapi sasa?" Kyalo akauliza. Tulikuwa tumeandikisha ng'ombe hewa kumi na tisa. Niliwafuta wote kabla Daktari hajapata kichaa.

Saa tisa kasoro dakika kumi nikamrudishia Mama simu yake mwenyewe, lile jiwe. Akaandika. Tak-tak-tak-tak-tak. Akatafuta kitufe cha kutuma. Akabonyeza mara moja.

*Imepokelewa. Asante, Mama Syombua. Mnyama: ng'ombe.*

Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata. Alipofika mwisho akarudia neno la mwisho tu. Halafu akampigia wa kwanza kati ya wenzake kijijini. Alipiga kelele kama mtu anayeita watu wazime moto: "Andikeni tena! Eee, sasa hivi! Na ritifaa, usiache ritifaa, huyu mtoto ameitengeneza!"

Majina yalianza kushuka kwenye skrini kama mvua ya Novemba: tone, halafu tone, halafu paa lote. Saa kumi kamili walikuwa thelathini na wawili. Nikampigia Daktari. Akaifungua orodha, kisha akasema, "Kumbe hawaogopi sindano."

"Mimi ndiye niliyewafungia nje," nikamwambia.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na makosa sikuyamaliza. Hapa hapa Kikima nilitengenezea kwaya ya kanisa fomu yenye kisanduku cha tarehe. Kwenye simu yangu kalenda ilifunguka vizuri kama ua. Kwenye simu nyingine palikuwa na kisanduku kitupu tu, na muumini mmoja akaandika: "siku ya soko, mvua ikikubali." Sikumcheka. Nilienda nikapapasa kitako cha gorogoro. Basi na nyinyi mtakutana na mambo yenu, brauza ambazo hazijazaliwa, simu zinazokunjwa, vitu vinavyoongea. Sijui majina yao. Najua tu kwamba siku moja mtu atasimama kwenye kaunta yenu akisema hii kitu haimtaki. Msiwe wepesi kukubali kwamba ubovu ni wake. Anzeni kuutafuta kwenu.

Ile Alhamisi, Kyalo alienda Migwani kuona chanjo, ati anataka kumsalimia Sunday. Mzee Salim alikuwa msikitini. Saa saba simu ya dukani ililia, ni Mama Syombua, na nyuma yake ng'ombe wanapiga kelele.

"Amedungwa!" akasema. "Hata hakuruka. Mwanangu, umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nilikuwa sijala. Tukaagana, nikakaa kidogo, saiba ikiwa tupu na feni ikizunguka.

Halafu nikachukua ile kalamu nene, nikatoka nje, nikavuta kiti mpaka kwenye bango langu la mlangoni, nikapanda, na katikati ya G na O, taratibu nisije nikaharibu, nikaweka ritifaa.